Kiwanja cha makazi kandokando ya ziwa kimeidhinishwa kituo cha mafuta: rufaa inaanzia wapi?

Jirani_Ufukweni

Habari za jioni wakuu. Naomba mwongozo kwa wanaozijua sheria za mipango miji.

Mtaa wetu uko kandokando ya ziwa hapa Mwanza. Umepimwa, wengi tuna hati, na matumizi yaliyoandikwa ni makazi. Kiwanja kimoja cha kama mita za mraba 1,100 kimezungushiwa mabati, na mafundi wanasema kinajengwa kituo cha mafuta cha kuhudumia magari pamoja na mitumbwi ya wavuvi. Tulipouliza halmashauri tulioneshwa (hatukupewa) barua ya tarehe 14 Machi inayosema mabadiliko ya matumizi yameidhinishwa. Hakuna jirani aliyeona bango wala kuitwa kutoa maoni. Kona moja ya kiwanja iko kama mita 45 tu kutoka majini. Leo ni tarehe 20 Mei.

Maswali: rufaa inapelekwa kwa nani, muda ni upi, tuanzie Baraza la Ardhi au wapi, na ujenzi unasimamishwaje wakati tunahangaika? Tuko kaya kama 60 zilizo tayari kusaini.

Mzawa_Kitangiri

Pole sana mkuu. Mgogoro wa ardhi unaanzia Baraza la Kata. Mkishindwa kusuluhishwa mnapewa cheti, mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Thamani ya kiwanja ikiwa chini ya milioni 300 baraza lina mamlaka. Msiogope, ada yake si kubwa.

Wakili_Nyamagana

Ndugu yangu Mzawa, ulichoeleza ni sahihi kwa jirani anayemdai jirani mwenzake mpaka. Hapa anayelalamikiwa ni halmashauri, na hapo ndipo watu wengi wanapotea.

Tangu marekebisho ya sheria Na. 1 ya 2020, neno "Serikali" kwenye Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali linajumuisha pia serikali za mitaa. Matokeo yake ni matatu. Shauri la madai dhidi ya halmashauri linafunguliwa Mahakama Kuu, bila kujali thamani ya kiwanja. Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe, la sivyo shauri lina dosari inayoliua. Na kabla ya kufungua, halmashauri ipewe notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Ukipeleka jambo hili Baraza la Wilaya, wakili wa serikali atasimama siku ya kwanza na kupinga mamlaka ya baraza, na atashinda. Unakuwa umekula miezi na kituo kinauza petroli. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya 2021, kazi yake ni kusuluhisha tu. Haliwezi kufuta uamuzi wa halmashauri.

Sasa Jirani, kabla hujachagua mlango, lijibu hili kwanza: uamuzi mnaoupinga umetolewa na nani? Ombi la kubadili matumizi linapita mikononi mwa wengi. Kuna maoni ya mtaa, kuna wataalamu wa halmashauri, kuna kamati ya madiwani ya mipango miji na mazingira, na kuna ngazi ya wizara ya ardhi. Barua mliyooneshwa inaweza kuwa idhini kamili au pendekezo la kamati tu, na kwa macho ya haraka zinafanana. Kama ni pendekezo, pingamizi lenu liende haraka kwa anayesubiri kuidhinisha, na Mahakama Kuu itawaambia mmewahi mno. Kama ni idhini, soma imetolewa chini ya kifungu gani na imesainiwa na nani kwa niaba ya nani.

Kwa hiyo kesho asubuhi andikeni barua kwa Mkurugenzi mkiomba nakala zilizothibitishwa, mkiitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya 2016. Ombeni kwa majina: barua ya idhini, muhtasari wa kikao cha kamati kilichojadili, maoni ya afisa mipango miji, ushahidi wa tangazo la gazetini na la kwenye kiwanja, na mchoro wa mipango miji wa zamani pamoja na ule uliorekebishwa. Ofisi ina siku 30 za kujibu. Hata ikikaa kimya, barua yenu yenye mhuri wa kupokelewa ni ushahidi kwamba mlinyimwa taarifa.

Muda mnao, lakini si wa kuchezea. Njia ya mapitio ya kimahakama, yaani kuiomba Mahakama Kuu ibatilishe uamuzi wa chombo cha umma, inataka ombi la kibali (ruhusa ya mahakama ya kufungua mapitio) lifunguliwe ndani ya miezi sita tangu uamuzi ulipotolewa. Haihesabiwi tangu siku mliyogundua. Kutoka 14 Machi mwisho wenu ni katikati ya Septemba, jipangieni Agosti.

Mpimaji_Ziwani

Naongezea upande wa ramani, maana mwanasheria akienda na maneno matupu anarudi na maneno matupu.

Nenda Ofisi ya Ardhi ya Mkoa ukafanye upekuzi wa hati ya kiwanja hicho. Daftari la hati liko wazi kwa yeyote anayelipa ada. Utaona mmiliki aliyesajiliwa, matumizi yaliyoandikwa na kama kuna mabadiliko yaliyosajiliwa. Mara nyingi utakuta halmashauri imeshaandika barua lakini hati bado inasema makazi. Hiyo ni hoja, kwa sababu sharti la matumizi liko ndani ya hati yenyewe na Kamishna wa Ardhi ana nafasi yake katika kulibadili.

Kisha chukua mchoro wa mipango miji wa eneo lenu na Mpango Kabambe wa Jiji la Mwanza wa 2015–2035, ambao unahusu Jiji na Ilemela. Angalia eneo lenu limepewa rangi gani. Kama mpango kabambe unasema makazi na mchoro unasema makazi, halafu kiwanja kimoja katikati kinageuzwa biashara ya mafuta, aliyeidhinisha anapaswa kuwa na sababu zilizoandikwa.

Suala la mita 60. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Ugomvi unaanza kwenye kuhesabu: mita 60 kutoka wapi? Maji ya Viktoria hayakai mahali pamoja. Mei 2020 yalifikia kiwango cha 1964 na kukipita kidogo, na Mei 2024 yakapanda tena zaidi. Ufukwe wenye mteremko mdogo, nusu mita ya maji kupanda inaweza kuusogeza ukingo mita nyingi kuelekea nyumba. Mwenye kiwanja atapima kutoka maji ya kiangazi kibaya, ninyi mtapima kutoka maji ya Mei. Ndiyo maana kipimo cha utepe kilichofanywa na majirani hakitoshi. Tafuteni mpima aliyesajiliwa apime ukingo wa maji siku hiyo, alama ya juu ya maji inayoonekana (mstari wa takataka, matete, rangi kwenye mawe), na bikoni (alama za mipaka) zote za kiwanja, kisha aandike tarehe. Ulizeni pia Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ofisi iko hapa hapa Mwanza, kama kuna alama za hifadhi zilizowekwa eneo hilo, na muombe jibu kwa maandishi.

Tahadhari moja ya kiufundi ambayo imeharibu vielelezo vya watu. Msichukue koodineti za simu mkazibandika juu ya ramani ya zamani ya upimaji. Simu inatumia mfumo wa WGS 84. Ramani zetu nyingi za zamani ziko kwenye Arc 1960, kanda ya 36 Kusini. Tofauti yake huku kwetu ni kama mita 300. Kiwanja kitaonekana kiko ndani ya ziwa au juu mlimani, upande wa pili watacheka, na hakimu ataacha kuamini hata vile vipimo vyenu vilivyo sahihi.

Jirani_Ufukweni

Asanteni sana wakuu, mmenifungua macho. Leo nimepata mambo mawili. Mtendaji wa mtaa anasema kwenye faili kuna fomu ya majirani "walioridhia", majina manne. Pili, diwani anashauri tumwone Mkuu wa Wilaya, anasema yeye anaweza kusimamisha. Tufanye hivyo kwanza?

Wakili_Nyamagana

Muoneni, lakini kama hatua ya pembeni. Mkuu wa Wilaya akiita pande zote na ujenzi ukatulia wiki tatu, mmefaidika. Ila barua kwa Mkuu wa Wilaya, kwa Mkuu wa Mkoa au kwa mbunge haisimamishi saa hata dakika moja. Inaumiza kuona watu wenye hoja nzito wanazunguka na kabrasha ofisi hadi ofisi, kila mahali wanaambiwa "tunalishughulikia", na mwezi wa saba tangu uamuzi unaingia.

Ile fomu ya majirani ni dhahabu. Ombeni nakala yake haraka. Angalieni kama hao wanne wanapakana kweli na kiwanja, kama ni wamiliki au wapangaji, na kama saini ni zao. Asiyesaini aape kiapo kwamba saini si yake, aambatishe nakala ya kitambulisho chake cha NIDA chenye saini. Aliyesaini akidhani ni mahudhurio ya kikao naye aape, aeleze aliambiwa nini. Msimlazimishe mtu.

Kuhusu rufaa ya kiutawala: mfumo wa mipango miji unampa asiyeridhika njia ya kwenda juu, kwa Waziri mwenye dhamana ya ardhi, na mahakama ni baadaye. Msiiruke. Mojawapo ya mambo Mahakama Kuu inayoangalia kabla ya kutoa kibali cha mapitio ni kama kulikuwa na njia nyingine ya nafuu ambayo hukuitumia. Andikeni rufaa hiyo wiki hii, msingoje hizo nakala zote zikamilike. Andikeni kwamba mnahifadhi haki ya kuongeza sababu mkizipata. Mkiiwasilisha mapema mno hampotezi kitu. Iwe kurasa tatu au nne: kiwanja namba fulani kitalu fulani, uamuzi wa tarehe fulani, ninyi ni nani na mnapakanaje, sababu za kupinga moja moja, na mnachoomba. Ipite kwa Mkurugenzi na nakala kwa Kamishna wa Ardhi Msaidizi wa mkoa. Kila nakala irudi na mhuri wa masijala na tarehe.

Sababu nazo zichagueni. Ninyi mna nzuri tatu: hamkuarifiwa wala kusikilizwa, uamuzi unapingana na mpango uliopo bila sababu kuandikwa, sharti la mita 60 halikuzingatiwa. Kama kuna mjumbe wa kamati mwenye maslahi kwenye kiwanja, hiyo ni ya nne, lakini iandikeni mkiwa na karatasi mkononi. Uvumi wa rushwa usio na ushahidi unachafua rufaa nzima.

Kwenye mapitio ya kimahakama jaji hataamua kama kituo cha mafuta ni kizuri au kibaya pale. Ataangalia njia iliyofikia uamuzi: mamlaka yalikuwepo? waathirika walisikilizwa? sheria ilifuatwa? Hoja ya "hatutaki harufu ya petroli" ina uzito kwa Waziri kuliko kwa jaji.

Na hizi kaya 60, msijaze majina 60 kwenye maombi ya mahakamani. Kuwawakilisha wengine kunahitaji ruhusa ya mahakama na orodha inayokaguliwa jina kwa jina; marehemu mmoja au mtu mmoja aliyehama kwenye orodha anatosha kuleta pingamizi. Chagueni watu watatu hadi watano wanaopakana na kiwanja, wenye hati zao wenyewe. Wale wengine wachange fedha na watoe viapo.

Binti_wa_Luchelele

Samahani kaka Wakili, hiyo notisi ya siku 90 na mapitio vinapishanaje? Tukingoja siku 90 si miezi sita itaisha?

Wakili_Nyamagana

Swali zuri sana dada, hapa ndipo kalenda inawanyonga watu.

Notisi ya siku 90 ni ya shauri la madai, kwa mfano mkitaka tamko kuhusu haki zenu au fidia. Kanuni za mapitio ya kimahakama za 2014 zina utaratibu wake na hazidai notisi hiyo, ingawa Mwanasheria Mkuu anaunganishwa huko pia. Chukua mfano huu: notisi ikipokelewa 27 Mei, siku ya 90 ni 25 Agosti. Ukifungua shauri la madai tarehe 20 Agosti umewahi, litaondolewa. Na kama ulikuwa unangoja siku hizo ziishe ndipo ufikirie mapitio, umebakiwa na chini ya wiki tatu kabla ya miezi sita kukatika. Kwa hiyo toeni notisi sasa ili mlango huo ubaki wazi, na wakati huohuo andaeni mapitio bila kuingojea.

Maombi ya kibali yana hati ya maombi, maelezo yanayotaja waombaji na nafuu wanazotaka pamoja na sababu, na viapo vya kuthibitisha ukweli wake. Kibali kikitoka, mna siku 14 tu za kufungua maombi yenyewe. Maombi yawe yameshaandikwa kabla kibali hakijatoka.

Jina la mjibu maombi: mshtakini Halmashauri yenyewe kwa jina lake la kisheria. Mkurugenzi ni mtendaji wake, hana nafsi ya kushtakiwa peke yake kwa uamuzi wa halmashauri. Muunganisheni na mwenye kiwanja, maana amri itamgusa. Mahakama haipendi kufuta idhini ya mtu ambaye hakuitwa.

Kufungua ni kwa mfumo wa mtandao wa mahakama. Mfumo ukitoa namba ya malipo, lipeni siku hiyohiyo. Ada isiyolipwa inaleta ubishi kuhusu tarehe ya kufungua.

Kusimamisha ujenzi kuna njia mbili za mahakama. Kwenye mapitio, ombeni kwa maneno bayana kwamba kibali kikitolewa kiwe pia zuio. Jaji asipoelekeza hivyo, kibali peke yake hakimzuii mtu kumwaga zege. Kwa shauri la madai, mkiwa bado ndani ya zile siku 90, mnaweza kuomba Mahakama Kuu zuio la muda la kulinda hali iliyopo hadi notisi iishe. Hapo mnatakiwa kuonesha kwamba kuna suala la kweli la kuamuliwa, kwamba madhara hayatafidiwa kwa fedha, na kwamba hasara ya kungoja ni kubwa kwenu kuliko kwake. Picha zenye tarehe za kila hatua ya ujenzi zinasaidia sana: leo mabati, kesho shimo, keshokutwa matangi.

Mhandisi_Igombe

Kabla ya mahakama kuna vibali viwili vingine ambavyo mwenye kituo anavihitaji, na kila kimoja kina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza. Kibali cha kujenga kituo kinatolewa na EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), na cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira kinapitia NEMC (baraza la taifa la mazingira). Barua ya matumizi ya ardhi ya halmashauri haimruhusu kuchimba hata shimo la tangi bila hivyo. Ulizeni kwa maandishi kama vimeombwa, na kama tathmini bado inaendelea, pelekeni maoni yenu. Huko hoja za kitaalamu zinasikilizwa kweli.

Na mnazo. Kando ya ziwa maji ya ardhini yako juu. Tangi la lita 20,000 likiwa tupu chini ya maji linasukumwa juu kwa nguvu inayokaribia tani 20. Lisipofungwa kwenye bamba zito la zege linainuka, mabomba yanakatika kwenye maungio, na mafuta yanatoka mahali ambapo hakuna anayeona. Ulizeni: kina cha maji ya ardhini kilipimwa mwezi gani? Kama ni Septemba, kipimwe tena baada ya masika. Matangi ni ya kuta mbili au moja? Visima vya uangalizi vitakuwa vingapi na vitasomwa na nani? Maji ya mvua kutoka sakafu ya pampu yanapita kwenye kitenganisha mafuta, au yanakwenda ziwani moja kwa moja? Na pampu ya mitumbwi itakuwa wapi: mafuta yatavukaje kutoka tangi hadi majini? Bomba la kwenda ufukweni litapita ndani ya zile mita 60, hata kama jengo lenyewe limerudishwa nyuma. Hilo la bomba ndilo ningelikazia kuliko yote.

Orodhesheni pia visima vya kaya vilivyo jirani: umbali kutoka kiwanja, kina, na idadi ya wanaovitumia. Pimeni maji yake sasa, kabla hakuna mafuta, mpate cheti cha maabara. Bila kipimo cha awali hakuna atakayethibitisha baadaye kwamba maji yalikuwa safi.

Mpimaji_Ziwani

Na kama NEMC au EWURA wakitoa uamuzi msioupenda, ule una njia yake ya rufaa chini ya sheria yake na muda wake. Msiuchanganye kwenye karatasi moja na rufaa ya matumizi ya ardhi. Faili tofauti, tarehe tofauti.

Jirani_Ufukweni

Nimeelewa. Kesho: barua ya kuomba nakala, upekuzi wa hati, na barua mbili za EWURA na NEMC. Rufaa kwa Waziri kabla ya Ijumaa. Notisi tutampa wakili wiki ijayo. Mpima tumtafute sasa au tungoje maji yapungue?

Mpimaji_Ziwani

Sasa hivi. Mei maji yako juu na alama zake ni mbichi. Mwambieni apime na umbali wa kona zote nne, si ile ya mita 45 peke yake, na arudi Septemba apime ukingo tena kutoka bikoni zilezile.